Neno "Safi" Peke Yake Halitoshi

Katika lugha yetu ya kazi, neno safi limebebeshwa mzigo mkubwa. Soko likifagiwa, tunasema ni safi. Hesabu za ushirika zikipita kwa mkaguzi, ni safi. Kijana akifaulu mtihani wake, tunampongeza kwa neno hilo hilo. Na chumba cha upasuaji kikishapigwa deki na kukauka, mhudumu huripoti kwa mkubwa wake kwamba chumba ni safi, na mkubwa huandika hivyo katika taarifa yake. Sokoni na katika hesabu neno hili halimdhuru mtu. Katika chumba cha upasuaji, katika chumba cha kuchanganyia dawa za sindano, na mbele ya mashine ya kujazia chanjo, neno hili likiachwa peke yake laweza kumuua mtu.

Leo tunataka kuzungumza na wananchi, na hasa na watendaji wa Serikali wanaoandika miongozo, wanaotangaza zabuni na wanaokagua majengo, juu ya jambo ambalo kwa wengi ni geni: mavazi na glavu zinazovaliwa ndani ya vyumba vinavyoitwa vyumba safi, na maneno yanayotumika humo. Huenda msomaji akauliza: sisi watu wa visiwani, wenye karafuu zetu, mwani wetu na samaki wetu, mambo hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu kila mmoja wetu aliyewahi kutundikiwa chupa ya maji ya mshipani, au aliyempeleka mtoto wake kudungwa chanjo, amekabidhi damu yake kwa chumba cha namna hiyo, hata kama chumba chenyewe kiko ng'ambo ya bahari. Yanatuhusu pia kwa sababu vyumba hivyo sasa vinajengwa karibu nasi, na vijana wetu watatakiwa kuvifanyia kazi.

Tunasema mapema kwamba mambo yote haya yanarudi katika maswali mawili. La kwanza: kitu hiki ni safi kwa kiasi gani? La pili: katika vazi hili, nani analindwa, na analindwa dhidi ya nani?

Chumba safi ni kitu gani

Kwa maana ya wataalamu, chumba safi ni chumba ambacho idadi ya chembe zinazoelea katika hewa yake inajulikana, inapimwa, na hairuhusiwi kupita kiwango kilichowekwa. Chembe hizo hazionekani kwa jicho. Hupimwa kwa mikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa baina ya mikroni 50 na 100. Chembe zinazohesabiwa mara nyingi katika vyumba hivi ni za nusu mikroni.

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limepanga madaraja tisa ya vyumba safi, na kadiri nambari ya daraja inavyokuwa ndogo ndivyo hewa inavyotakiwa kuwa safi zaidi. Katika daraja la 9, mita moja ya ujazo wa hewa huruhusiwa kuwa na chembe 35,200,000 za ukubwa wa nusu mikroni na zaidi. Katika daraja la 5, ambalo hutakiwa mahali dawa ya sindano inapokaa wazi kabla ya kuzibwa, mwisho ni chembe 3,520. Hapo neno safi linakuwa na hesabu nyuma yake. Mkaguzi akiambiwa chumba ni safi, huuliza ni cha daraja la ngapi, kilipimwa lini, na kilipimwa kikiwa kitupu au watu wakiwa kazini.

Utaratibu huu una historia. Vyumba vya mwanzo vilikuwa vikisafishwa kwa bidii sana, lakini hewa yake ilikuwa ikizunguka ovyo, ikibeba vumbi kutoka pembe moja hadi nyingine. Mwanafizikia wa Kimarekani, Willis Whitfield, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Sandia huko Albuquerque, New Mexico, alilitatua jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipitisha hewa katika machujio mazito, kisha akaiacha ishuke kwa mwendo mmoja, taratibu, kutoka juu hadi chini, ikichukua njiani kila chembe na kuitoa nje. Machujio ya aina hiyo hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Inaelezwa kuwa vipimo vya kwanza vya chumba chake vilionesha chembe chache mno hata waliopima wakadhani vyombo vyao vimeharibika. Mwaka 1963 Marekani ikatoa kanuni yake ya kwanza ya vyumba hivyo. Mwaka 2001 kanuni hiyo ikafutwa, na madaraja ya ISO yakachukua nafasi yake.

Adui ni binadamu mwenyewe

Hewa ikishachujwa, na kuta zikishapakwa rangi isiyochubuka, na sakafu ikishaungwa bila ya mwanya, nani analeta uchafu ndani ya chumba? Jibu ni kwamba uchafu mwingi unaletwa na mfanyakazi. Binadamu anabambuka ngozi wakati wote. Anapumua, anazungumza, anakohoa, anajikuna, anadondosha nywele. Makadirio yanayotumika sana katika mafunzo ya kazi hii yanasema kwamba mtu aliyekaa kimya hutoa chembe zipatazo 100,000 kwa dakika, na akitembea hutoa mamilioni. Sehemu ya chembe hizo hubeba vijidudu hai. Mtu huyo anaweza kuwa ameoga asubuhi, amevaa nguo iliyopigwa pasi na kujipaka manukato. Hesabu yake haibadiliki sana. Pengine manukato yenyewe yameiongeza.

Ndiyo maana vazi la chumba safi lina mwelekeo ambao wengi wetu hatukuuzoea. Tumezoea vazi linalomlinda mvaaji. Mchomeleaji vyuma huvaa miwani myeusi ili asiharibu macho yake. Mpiga dawa za mashambani hufunika pua ili asivute sumu. Wauguzi waliowahudumia wagonjwa wa Ebola Afrika Magharibi baina ya mwaka 2014 na 2016, na wale waliokabiliana na Marburg mkoani Kagera mwaka 2023, walijifunika kutoka utosini hadi unyayoni ili ugonjwa usiwafikie. Katika chumba safi mtu hujifunika vivyo hivyo, na mpita njia akitazama dirishani hataona tofauti kubwa. Lakini hapa hatari iko ndani ya vazi, na kinacholindwa kiko nje yake. Kinacholindwa ni dawa, ni chanjo, ni kipande cha elektroniki, na mwishowe ni mgonjwa.

Tofauti hiyo inageuza kila kitu. Muuguzi wa Ebola huwa katika hatari kubwa zaidi anapovua, kwa kuwa uchafu uko juu ya vazi lake. Mfanyakazi wa chumba safi huharibu kazi anapovaa vibaya, kwa kuwa akiligusisha vazi na sakafu, au akilishika upande wa nje kwa mkono mtupu, ameshaingiza ndani kile alichotakiwa kukizuia. Hata hewa hugeuzwa. Chumba cha mgonjwa wa kifua kikuu hufanywa kivute hewa kutoka ukumbini, ili pumzi ya mgonjwa isitoke nje. Chumba cha kujazia dawa hufanywa kisukume hewa kwenda nje, kwa tofauti ya mgandamizo isiyopungua paskali 10 baina ya chumba na chumba, ili mlango ukifunguliwa uchafu usipate njia ya kuingia. Mtendaji anayeagiza mavazi au anayejenga wadi bila ya kujua mwelekeo wa ulinzi anaweza kutumia fedha nyingi za umma na kupata kinyume cha alichokitaka.

Namna ya kuvaa

Mtu aliyekulia katika nyumba za mawe za mwambao hatashangaa kuona jinsi vyumba hivi vilivyopangwa. Wazee wetu walijenga baraza kwa wapita njia, kisha daka, kisha ukumbi kwa wanaokaribishwa, kisha ndani kwa watu wa nyumba. Kila hatua ina watu wake na adabu yake. Chumba safi kinafuata mpango wa jinsi hiyo. Kuna chumba cha kuvulia nguo za mitaani, kuna chumba cha kuvalia, na kuna chumba cha kazi. Na milango miwili iliyofuatana haifunguliwi kwa wakati mmoja. Mahali pengi huwekwa benchi katikati ya chumba cha kuvalia. Upande wa huku ni uchafu wa njia, upande wa kule ni usafi wa kazi. Mfanyakazi huketi juu yake, akavisha kifuniko mguu mmoja na kuupeleka upande wa pili, kisha akafanya vivyo kwa mguu wa pili. Mguu uliokwisha kuvuka haurudi.

Kabla ya hapo ameshavua saa, pete, bangili na hereni. Amefuta wanja na poda, na simu yake ameiacha nje. Aliyejifukiza udi asubuhi ile naye ana shaka juu yake, kwa maana moshi ni chembe tupu. Hunawa mikono, akafunika nywele, na mwenye ndevu akazifunika kwa kifuniko chake. Huvaa barakoa. Kisha huvaa ushungi wa kitambaa maalumu unaoziba kichwa, shingo na mabega, ndipo huvaa ovaroli, na ncha za ushungi zikaingia ndani ya ovaroli. Hufuata buti refu za kitambaa zinazofunika miguu ya ovaroli, kisha miwani, na mwisho kabisa glavu, ambazo ukosi wake hupanda juu ya mkono wa vazi usiache hata upenyo wa ngozi. Uvaaji hushuka kutoka juu kwenda chini, kwa sababu uchafu nao huanguka kutoka juu kwenda chini.

Kitambaa chenyewe si pamba. Pamba ni nguo nzuri katika joto letu, lakini nyuzi zake ni fupi na hukatika, na kila ukunjapo mkono humwaga vumbi la nyuzi. Mavazi haya hufumwa kwa nyuzi ndefu zisizokatika za poliesta, na aghalabu huchanganywa na nyuzi chache zenye kaboni ili umeme tuli usijikusanye mwilini na kuvuta vumbi au kuharibu vipande vya elektroniki. Hayafuliwi nyumbani. Hufuliwa katika madobi maalumu ambayo nayo yana vyumba safi, na yale ya kutengenezea dawa za sindano huuliwa vijidudu vyote kabla ya kutumika.

Akishavaa, mfanyakazi hutembea polepole. Harushi mikono, hapigi kelele, haimbi, hainami juu ya chupa iliyo wazi. Na kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi mahali nyeti lazima afaulu mtihani wa kuvaa: hutazamwa anavyovaa, kisha vazi lake hugusishwa na sahani zenye chakula cha vijidudu ili ionekane kama kuna kitakachoota. Kanuni za utengenezaji wa dawa tasa zilizotumiwa na nchi za Ulaya tangu mwezi wa Agosti 2023 zinataka mtihani huo urudiwe angalau kila mwaka. Hakuna anayesamehewa kwa sababu ya cheo, wala kwa sababu ya miaka yake kazini.

Hadithi ya glavu

Katika mavazi yote haya, glavu ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Asili yake yatufundisha jambo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1889 kuingia 1890, daktari mpasuaji William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, aliona muuguzi wake mkuu, Caroline Hampton, akiumwa mikono kwa dawa ya zebaki iliyokuwa ikitumika kuua vijidudu. Akaiomba kampuni ya Goodyear imtengenezee muuguzi huyo glavu nyembamba za mpira. Mwaka huo wa 1890 wawili hao walioana. Lakini hadithi haikuishia harusini. Glavu zilizotengenezwa ili kulinda ngozi ya muuguzi zilizoeleka kwa madaktari wengine, na mwaka 1899 mwanafunzi wa Halsted, Joseph Bloodgood, akaonesha kwamba wagonjwa wa ngiri waliopasuliwa kwa mikono yenye glavu walipata maambukizo machache mno kuliko waliotangulia. Ilichukua karibu miaka kumi kutambua kwamba mpira ule ule ulikuwa ukilinda pande mbili.

Sisi wa Unguja tunaujua mpira tangu mtini. Aliyepita Machui au Selem ameona gome lililochanjwa na utomvu mweupe unaodondoka katika kikombe. Utomvu huo ndio asili ya glavu za lateksi. Nazo zina kasoro zake: protini zilizomo huwapa watu wengine mzio, na unga uliokuwa ukitiwa ili glavu ivalike kwa urahisi ulibeba protini hizo hewani na ukaingia katika vidonda. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku glavu za kitabibu zenye unga kuanzia Januari 2017. Katika chumba safi unga haukuwa na nafasi kabisa, kwa kuwa unga ni chembe. Siku hizi wengi hutumia glavu za naitrili, ambazo hutengenezwa viwandani bila ya utomvu wa mti.

Hapa ndipo mnunuzi wa Serikali anapotakiwa kuwa macho. Glavu za uchunguzi huja katika boksi, aghalabu mia moja, na hazikuhakikishwa kuwa hazina kijidudu hai. Glavu za upasuaji huja jozi kwa jozi, za kulia na za kushoto, kwa saizi, zimefungwa na kuuliwa vijidudu vyote. Glavu za chumba safi huoshwa na kufungwa ndani ya chumba safi ili zisitoe chembe, na si zote zilizouliwa vijidudu vyote, kwa sababu kiwanda cha elektroniki kinaogopa chembe zaidi ya kijidudu. Aina tatu hizi zote katika stoo zetu zaweza kuandikwa "glavu," na zote zaweza kusifiwa kuwa "safi." Karani wa stoo anayesoma neno hilo moja atampa mpasuaji kile kilicho karibu na mkono wake.

Na glavu iliyovaliwa haibaki kama ilivyotoka katika mfuko wake. Ikishika kitasa, imeshika vijidudu vya kitasa. Wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020, katika nchi nyingi watu walionekana madukani wamevaa glavu, wakishika fedha kwa glavu hizo, kisha mkate, kisha uso wao wenyewe, na wakirudi nyumbani wakiwa na imani kwamba wamejilinda. Katika chumba cha dawa imani ya namna hiyo haikubaliwi. Glavu hunyunyiziwa spiriti mara kwa mara, hubadilishwa, na mwisho wa kazi mfanyakazi hugusisha ncha za vidole vyake kumi juu ya sahani za chakula cha vijidudu. Sahani huwekwa katika joto kwa siku kadhaa. Katika mahali penye daraja la juu kabisa, kinachotakiwa kuota ni sifuri. Likiota doa moja, uchunguzi lazima ufanywe, na dawa iliyotengenezwa siku ile huwa na mashaka.

Utaratibu unapobaki karatasini

Msomaji asidhani kwamba haya ni madaha ya mataifa tajiri. Mwaka 2012, katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, Marekani, kituo kimoja cha kuchanganya dawa kilisambaza sindano za steroidi za kutuliza maumivu ya mgongo zilizokuwa zimeingiliwa na kuvu. Watu wapatao 14,000 walidungwa dawa ya mafungu hayo. Kwa hesabu ya Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha nchi hiyo, watu 753 katika majimbo 20 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na 64 wakafariki.

Kituo kile kilikuwa na vyumba safi. Kilikuwa na mavazi, glavu na fomu. Lakini wakaguzi walikuta kwamba mikeka yenye gundi, inayowekwa mlangoni ili inase vumbi la viatu, ilikuwa michafu kwa kutazama tu. Walikuta kwamba mashine ya hewa baridi ilikuwa ikizimwa usiku. Walikuta kumbukumbu za kituo chenyewe, za tangu Januari hadi Septemba mwaka ule, zikionesha vijidudu na kuvu katika vyumba kupita viwango ambavyo kituo kilijiwekea, wala hapakuwa na ushahidi kwamba hatua ilichukuliwa. Mafungu mawili ya dawa yalikwisha pelekwa kwa wagonjwa kabla majibu ya vipimo hayajarudi. Mkuu wa kituo hicho alihukumiwa kifungo mwaka 2017 kwa makosa ya udanganyifu.

Tunaomba watendaji walizingatie jambo hili. Vipimo vilichukuliwa na majibu yakaandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: simamisheni kazi. Nchi ile haikukosa fedha, wala wataalamu, wala sheria. Kwa hivyo na sisi tusidhani kwamba tukipata fedha na mitambo tutakuwa tumemaliza.

Tuyape maneno hadhi yake

Turejee katika lugha. Anayeandika muongozo wa afya kwa Kiswahili hukabiliwa na daraja tatu au nne za usafi, na mkononi ana neno moja. Kuna kitu kisicho na uchafu unaoonekana. Kuna kitu kilichopunguzwa vijidudu kwa dawa, lakini baadhi yake vimesalia. Kuna kitu kisicho na kijidudu hai hata kimoja. Na kuna kitu kisichotoa chembe, kiwe na vijidudu au kisiwe navyo. Shuka la pamba lililopikwa katika mvuke halina kijidudu hai, lakini linamwaga nyuzi. Vazi la fundi wa elektroniki halitoi nyuzi, lakini halifai kumkaribia mgonjwa aliyepasuliwa.

Mwaka 1972, katika hospitali ya Devonport, Plymouth, nchini Uingereza, wagonjwa walifariki baada ya kutundikiwa maji ya sukari kutoka fungu ambalo sehemu yake haikupata joto la kutosha katika mtambo wa mvuke. Chupa zile zilikuwa zimeoshwa na zimezibwa vizuri. Kwa lugha yetu ya kila siku zilikuwa safi.

Wengine hutumia neno tasa kwa kitu kisicho na kijidudu hai, na sisi tumelitumia hapo juu, kwa kuwa katika maandishi ya kitaalamu limeshazoeleka. Lakini neno hilo lina jeraha. Mwanamke anayesikia katika wadi ya wazazi kwamba anaandaliwa vifaa tasa atakumbuka maana nyingine, na hatutamlaumu akiogopa. Neno kunajisi nalo lina maana nzito katika dini na mahakamani, haliwezi kubebeshwa kazi ya maabara. Kuambukiza ni kupitisha ugonjwa, na kitu chaweza kuchafuka bila ya mtu yeyote kuambukizwa.

Hata hivyo, watu wa mwambao hatuna udhuru wa kusema kwamba akili zetu hazikuzoea daraja za usafi. Kila mtoto aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu wake anajua kwamba maji si namna moja. Yako maji yaliyo safi na yanayoweza kusafisha, yako mustaamali ambayo yenyewe ni tohara lakini hayatoi hadathi, na yako yaliyoingiwa na najisi. Anajua pia kwamba nguo yaweza kung'ara ikawa haifai kusalia, na udongo wa shamba, unaochafua mikono, ukafaa kutayamamia. Sheria hiyo ina makusudio yake na sayansi ina yake, wala hatutaki kuyachanganya. Tunasema tu kwamba mazoea ya kuuliza "safi kwa kazi gani?" tunayo tangu utotoni, na yafaa tuingie nayo ofisini.

Kwa hivyo tunapendekeza kwamba katika miongozo, zabuni na lebo zetu litumike neno safi kwa kitu kisicho na uchafu unaoonekana. Kilichopunguzwa vijidudu kwa kitu kilichopitishwa dawa. Kisicho na kijidudu hai pale ambapo wataalamu husema tasa. Na kisichotoa chembe kwa nguo na glavu za vyumba safi. Kuchafuka kwa kitu kutokana na kingine kuitwe uchafuzi wa kupokezana. Na kila vazi la kujikinga liandikwe wazi kama linamlinda mvaaji, linalinda kazi, au linalinda vyote viwili. Mabaraza yetu ya Kiswahili, BAKIZA na BAKITA, yana mamlaka ya kuyapima mapendekezo haya na kuleta yaliyo bora. Tunachoomba ni kwamba kazi hiyo ifanywe pamoja na wauguzi, wafamasia na mafundi, na isingoje mpaka msiba utokee.

Wajibu wetu

Majirani zetu wameshaanza. Mjini Kigali, Rwanda, kampuni ya BioNTech ilizindua Desemba 2023 kiwanda chake cha chanjo, ambacho vyumba vyake safi vililetwa vikiwa vimeundwa ndani ya makontena. Huko Nyeri, Kenya, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni inayotengeneza vipande vya elektroniki katika chumba safi. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani zitengenezwe barani. Lengo hilo haliwezi kufikiwa kwa majengo peke yake. Litafikiwa na vijana watakaofundishwa kuvaa, kunawa, kutembea na kunyamaza kwa nidhamu kila siku ya kazi, na wafundishwe kwa lugha wanayoielewa barabara.

Mtendaji anayeandika zabuni ataje aina ya glavu na kazi yake. Wakala wa Chakula na Dawa, na wakaguzi wote, waulize vipimo, na wasiridhike na sakafu inayong'ara. Walimu wa skuli zetu waeleze mikroni kwa mfano wa unywele, ili mtoto ajue kwamba asichokiona kipo.

Na kwa waheshimiwa wanaofanya ziara, tuna neno la heshima. Imekuwa ada, mgeni mkubwa anapotembelea wadi au maabara, kuingia na msafara wake wote, viatu vya njiani na kamera mabegani, huku muuguzi aliyepigwa marufuku kuvaa pete amesimama pembeni akitazama. Muuguzi huyo hana ubavu wa kumzuia. Basi mheshimiwa ajizuie mwenyewe. Aulize mlangoni avae nini, akubali kufundishwa na kijana aliye chini yake kwa vyeo vitano, na kama hakuna vazi la kumtosha, atazame kupitia kioo. Akifanya hivyo mbele ya watumishi wake, watalishika somo hilo kuliko waraka wowote atakaoutia sahihi.